Mianzi Juu ya Paa la Umbilo

South Beach, Durban
4 Agosti 2024

Dada yangu Kidawa,

Bahati imenipenda mpaka naona haya mbele ya wenzangu. Watu maelfu wanapita huu mtaa wa Umbilo kila siku, wenye vyeti, wenye tai, wenye suruali zilizonyooka kwa pasi, na Mchina mmoja mzee, bingwa wa kufuma mianzi, akawaruka wote akanichagua mimi. Anaitwa Babu Luo. Alinishika mikono akaigeuza juu chini kama mtu anayenunua samaki, akatikisa kichwa, akasema hii ni mikono ya fundi. Alisema kwa Kichina, lakini Kichina kikisemwa polepole na mtu anayekupenda si kigumu.

Unanijua mimi ni mtu wa dunia. Nimelala Maputo, nimekula Harare, Lusaka nimefukuzwa kwa heshima. Sijaona kazi kama ya mzee huyu. Mwanzi mmoja anauchana mpaka unakuwa kama nywele za bibi harusi, kisha anaufuma: vikapu vya kupikia kwa mvuke, nyungo, taa, visahani vya birika la chai. Karakana yake iko nyuma ya duka la sufuria la binti yake. Huyo binti ana kucha ndefu kama vijiko, hawezi kumrithi. Mrithi ni mimi.

Sasa sikia. Tunafungua duka huku South Beach, chini ya maghorofa, wazungu wakitoka kuoga baharini wanatukuta. Yeye na mimi mianzi, wewe ukindu. Kwa hiyo, ile kazi ya chuo wanayokupa, waambie ahsante, nafasi yako iko Durban. Funga mzigo.

Na wewe Mwalimu Respicius wa chuo, najua unaisoma barua hii kabla ya mwenyewe, maana tangu simu ya Dada itumbukie kwenye sufuria la rangi picha za barua zetu zote zinapitia kwenye simu yako. Hujambo, Mwalimu. Usimharakishe dada yangu.

Ndugu yako mwenye bahati,
Machano


Wete, Pemba
12 Agosti 2024

Machano,

Nimekaa, nimesimama, nimekaa tena. Mwalimu Respicius kaniletea barua yako imechapwa, anacheka peke yake njia nzima.

Nikueleze jambo ulilolipita kama unaruka dimbwi. Nasuka mwaka wa thelathini huu. Cheti sina. Chuo hakijapata kumpa ualimu wa ususi mtu asiye na cheti, na safari hii wamekubali kwa sababu wanafunzi wao wanashona mikeka inayofumuka kabla haijakaliwa. Nikikubali, nitakuwa na darasa, na jina langu litaandikwa mlangoni. Jibu wanalitaka kabla ya Ijumaa ya tarehe 11 Oktoba. Nikichelewa anapewa mtu kutoka Unguja, ana vyeti viwili, na hajui kuchana ukindu bila kujikata.

Usidhani sikutamani. Nimetamani, na hilo ndilo linaloniudhi. Tangu marehemu mume wangu aondoke sijaenda mbali kuliko Mkoani, hapa hapa Pemba. Nimeisoma barua yako mara tatu nikaanza kuhesabu nguo za kuchukua, mimi mtu mzima. Kisha nikakumbuka aliyeandika ni nani.

Basi nijibu. Hilo duka lina mlango, au bado liko mdomoni mwako? Nitalala wapi? Huyo mzee kasema nini hasa juu yangu, kwa maneno yake na si yako? Ukindu nitaupata wapi huko? Wewe mwenyewe umefuma nini mpaka leo? Maana pakacha la mwisho nililokuona ukisuka lilidondosha embe zote kabla hujafika barabarani.

Mama anakusalimu. Barua yako kaisikiliza mpaka mwisho, akaomba maji.

Kidawa


South Beach, Durban
25 Agosti 2024

Dada Kidawa,

Umenihoji kama askari wa mpakani. Ilibaki uniambie nivue viatu.

Ngoja nikueleze kazi, utulie. Kwanza mwanzi unakatwa ukiwa mbichi, unakuja kwa lori kutoka mashambani. Babu Luo anaugonga kwa kisu mara moja kichwani, krrr, unafunguka mpaka miguuni. Gamba la kijani la nje ndilo lenye nguvu, hilo ndilo la kazi nzuri. Nyama ya ndani ni laini, hiyo ni ya vitu vya kutupa. Halafu ana benchi lenye visu viwili vimesimama wima, vimeachana upana wa punje ya mchele. Unapitisha chane ya mwanzi katikati, unavuta, inatoka imepimwa. Zote sawasawa kama wanajeshi. Wewe ungekiona hicho kifaa ungelia, ukikumbuka unavyopasua ukindu kwa kucha.

Mzee ananiheshimu sana. Haongei, na kwao kutoongea ndiyo heshima yenyewe. Juu yako alisema: mlete. Neno moja, lakini zito.

Pa kulala pako. Nakaa ghorofa ya kumi na moja na Wakongo, Honoré na mkewe Agathe. Honoré anakula mkate wangu kisha ananiuliza kwa nini sinunui mkate. Nachoka, Dada. Mtu wa cheo changu anatakiwa awe na chumba. Lakini kuna nafasi ya godoro, na bahari unaiona ukichungulia pembeni ya jengo la mbele.

Ukindu usijali, mji huu una kila kitu. Jana tu nimesimama kwenye roboti, ndivyo wanavyoita taa za barabarani, nikaona mtende mkubwa umepandwa kwa urembo tu, hakuna anayeujali. Nimeuwekea alama.

Waandikie chuo hapana.

Machano, fundi


Wete
2 Septemba 2024

Machano,

Nimekuuliza vitu vitano, umenijibu kuhusu mkate wa Mkongo na mti wa serikali.

Wanawake wenzangu hapa wameshasikia. Mmoja kaniuliza kama Durban nitavaa baibui au koti. Mwingine tayari anataka nimwachie sufuria langu la rangi. Uongo wako ukisimama kwenye mlango wangu unaingia na watu.

Tafuta mtu mwingine aniandikie. Awe mtu anayesali, dini yoyote.

Kidawa


South Beach
10 Septemba 2024

Mama Kidawa,

Pokea salamu yangu. Hatujuane. Mimi ni Agathe, bibi ya Honoré. Ndugu yako Machano iko anakaa kwetu hapa kwa gorofa, yeye upande ya dirisha, sisi upande ya mlango, katikati iko pazia. Ameniomba nikuandikie ya kama yeye ni mtu mkubwa kwa kazi ya mianzi. Alikuwa amesimama nyuma yangu anasema, andika vizuri Agathe, andika na ile ya mikono. Nimemufukuza akanunue mkate.

Bon. Mama, mimi ninaimba kwa korali, siwezi kudanganya mtu. Na tena Machano ametutendea mema sana. Siku mtoto yetu alikuwa na homa kali, lifti ilikuwa imekufa, ni yeye alimubeba kwa mgongo gorofa kumi na moja mpaka chini, akakimbia naye mpaka hospitali, njia yote anamuchekesha. Kwa hiyo kumuharibia jina pia siwezi. Nitasema tu ile macho yangu inaona.

Asubuhi anatoka na chakula yake. Jioni anarudi amechoka kabisa, anavua viatu, viatu imejaa vumbi nyeusi. Babu Luo ni mtu wa kweli, nilimuona mwenyewe kule Umbilo, na vikapu yake ni ya kufanya mtu anyamaze. Kama Machano anaweza kufuma, sijui. Hapa nyumbani alitengeneza kiti ya Honoré. Honoré sasa anakaa chini.

Mama, usimuulize kama kazi iko. Umwambie akueleze siku moja tu ya kazi, toka asubuhi mpaka jioni. Huyu mtu anadanganya kwa maneno makubwa. Kwa maneno madogo hawezi.

Mungu akulinde.
Agathe

Amerudi. Mkate amesahau.


Wete
13 Septemba 2024

Machano,

Nieleze siku moja ya kazi, toka asubuhi mpaka jioni. Nataka siku moja tu, na bila neno bahati.

Kidawa


South Beach, Durban
20 Septemba 2024

Dada Kidawa,

Agathe kakuandikia nini? Namuuliza, anaanza kuimba wimbo wa kanisani. Eish, kuishi na watu wema ni taabu.

Siku moja umeitaka, haya. Nitakupa siku ambayo Umbilo haitaisahau, uone kama kazi haipo.

Pale kwa mzee kulikuwa na mjinga mmoja, jina lake silitaji, mgeni kazini. Likaja lori na mianzi arobaini, mibichi, mirefu kuliko mlango, minene kama mkono wa mpiga ngumi. Mzee alikuwa ameisubiri miezi miwili. Akaishusha kivulini, akaifunika magunia ya maji, akaenda zake kwa daktari wa macho na binti yake. Yule mjinga akabaki peke yake. Akaitazama ile mianzi imelala gizani kwenye unyevu, akaona huu ni uzembe, itaoza. Akasema moyoni, ngoja nimwonyeshe mzee kwamba hata sisi tumezaliwa na kazi hii.

Akapanda juu ya paa mapema, bati bado baridi. Akaipandisha mmoja mmoja kwa kamba. Akaipanga isigusane, akaweka mawe kila pembe. Jua likapanda, na siku hiyo ukavuma ule upepo wa moto unaoshuka milimani. Akakaa pembeni na fimbo kulinda kuku. Umbilo hakuna kuku, Dada, lakini alikaa na fimbo yake. Adhuhuri akainuka akaigeuza yote, tumbo juu. Alipanga kuianua kabla ya magharibi, umande usiikute.

Haikufika alasiri. Ukapasuka wa kwanza, paa! Kisha wa pili. Kisha ikashikana, paa paa paa, kama mji umevamiwa. Hapa sauti hiyo watu hawasubiri kuiuliza inatoka wapi. Wanaume walilala chini ya magari. Kwenye saluni ya jirani mama mmoja alitoka na dawa ya nywele kichwani, akapotelea mtaa wa pili. Walinzi wakaja na gari mbili na bunduki, wakimwambia mjinga kwa Kizulu ashuke mikono juu. Akashuka, fimbo bado iko kwapani.

Mzee akarudi kafungwa kitambaa jicho moja. Akaokota mwanzi mmoja, akauinua, akatazama mbingu kupitia ule ufa. Kumbe mwanzi mbichi jua haulitaki kabisa, unakaa kivulini au majini mpaka siku ya kuchanwa. Arobaini yote imekufa. Akakaa kwenye ngazi akaagiza chai, akaishika mpaka ikapoa.

Yule mjinga akaondoka zake. Ndiyo siku hiyo. Umeona sasa kwamba kazi ipo?

Machano


Wete
1 Oktoba 2024

Machano,

Barua yako nilimsomea Mama jana barazani. Ilipofika kwenye kuku alinyanyua mkono nisimame. Akasema, rudia hapo. Nikarudia. Akasema, huyo ni Machano.

Sikuhitaji kuambiwa, lakini nimefurahi kuwa hata yeye, macho hayaoni, kakuona.

Mdogo wangu, ni nani huko duniani anayeanika hivyo? Mchina? Mkongo? Mzulu? Mapema bati likiwa baridi, isigusane, mawe kila pembe, adhuhuri unageuza tumbo juu, unaanua kabla ya umande. Hivyo ndivyo ukindu unavyoanikwa uani kwetu, na tangu una miaka sita kazi uliyopewa ilikuwa kukaa na fimbo kuku wasikanyage. Ukindu unapenda jua, ndiyo unakuwa mweupe. Ulichukua adabu ya uani kwa Mama ukaipandisha juu ya paa la watu.

Nilicheka mpaka nikashika ukuta. Halafu nikakasirika, bado nimekasirika sasa hivi ninapoandika, kwa sababu barua nzima ulikuwa unamwita mjinga mtu ambaye mimi ndiye niliyemfundisha.

Sasa sikiliza, sirudii. Nimeandika majibu mawili kwa chuo. Moja ndiyo, moja hapana. Yote yako chini ya mto wangu. Mwalimu Respicius anapita Alhamisi ya tarehe 10 baada ya alasiri kuchukua moja, Ijumaa mlango unafungwa. Sitamsubirisha tena, amekwishanivumilia.

Maswali yote nimeyafuta, limebaki moja. Nikija Durban, Babu Luo anajua mimi ni nani?

Kidawa


South Beach, Durban
7 Oktoba 2024

Dada Kidawa,

Agathe nimemsusia. Ila kumsusia mtu ambaye kati yenu kuna pazia tu ni kazi ngumu, anapiga chafya, unajikuta umemwambia afya.

Haya, juu ya paa nilikuwa mimi. Wewe na Mama mngefaa kufanya kazi polisi.

Hapa chini kuna mistari minne nimeikata kwa kalamu. Mwalimu Respicius asihangaike kuikuza kwenye picha. Nilikuwa nimeandika kwamba mzee alinisamehe akanirudisha.

Hakunirudisha. Ile siku ya paa ilikuwa Julai, siku yangu ya nne kazini. Siku nilipokuandikia ile barua ya kwanza nilikuwa nimekwishafukuzwa, wiki mbili zimepita. Nafanya kazi Clairwood, kwenye maghala, napakua makontena, ndiyo hilo vumbi. Tena humo vinashuka vikapu, vya kiwandani, vimefungwa mafungu mafungu, navibeba kichwani siku nzima. Nikiwa na nafasi napita Umbilo, nasimama ng'ambo ya barabara kidogo, namtazama mzee akichana. Kisha napanda taxi, ndizo daladala za huku. Duka la South Beach halipo, wala halijapata kutajwa na mtu isipokuwa mimi.

Na hilo bado si kubwa. Kubwa ni hili.

Ile kawa uliyonisukia nilipoondoka, ya kijani na zambarau, nafunikia chakula changu mpaka leo. Siku hiyo, kazi kwa mzee bado sina, nilikuwa nimekaa kwenye ngazi za duka lao nakula. Mzee akapita. Mimi hakuniona kabisa. Aliiokota kawa. Akaigeuza, akaipitisha kidole kuzunguka, akatafuta mahali ulipoanzia asipaone, akaizungusha tena kama mtu aliyepoteza kitu. Akamwita binti yake aje atafsiri. Binti akaniuliza, baba anataka kujua nani kasuka hii.

Nikasema mimi.

Ndivyo nilivyopata kazi. Siku ya kwanza na ya pili alinipa kufagia na kuchana. Siku ya tatu akaniwekea chane mezani, nyembamba, nzuri, akaonyesha kidole kwenye kawa, akaonyesha mimi. Alitaka nimwoneshe mwanzo wake. Nikafunga kitambaa kidoleni nikasema nimejikata. Alinitazama kile kidole muda mrefu. Siku ya nne ikaja ile mianzi, na mimi kusuka sijui, Dada, lakini kuanika najua. Nikaona hapa angalau nina kitu cha kweli cha kumwonyesha.

Unaniuliza kwa nini nilikuita. Nilifikiri ukija, ukikaa mbele yake ukasuka, uongo wangu utapata miguu. Nilitaka aione hiyo mikono, na mimi niwe nimesimama karibu. Sikufikiria chuo. Nilikuwa nakiona kama kitu kidogo kwa sababu kiko Wete, na mimi niko mbali, na mtu aliye mbali anataka vitu vya nyumbani viwe vidogo.

Alhamisi mpe Mwalimu ile ya ndiyo. Mpe asubuhi, usingoje alasiri. Mwalimu, kama unasoma hii kwanza, nenda kaichukue sasa hivi.

Umeuliza Babu Luo anajua wewe ni nani. Hajui kama upo. Mikono yangu hakuishika. Hakuna mtu aliyenichagua hapa Durban, nilidanganya.

Machano